Alichokitupa Euler: Historia ya Nadharia ya Grafu

Nadharia ya grafu ni tawi la hisabati linalochunguza jinsi vitu vinavyoungana, bila kujali vitu vyenyewe ni nini. Grafu kwa maana hii si ule mchoro wa mhimili wa x na y wa darasani. Ni mkusanyiko wa nukta pamoja na mistari inayounganisha baadhi ya nukta hizo. Nukta inaweza kuwa mji, kompyuta, mtu, atomu ya kaboni au ukurasa wa intaneti. Mstari unaweza kuwa barabara, waya, urafiki au kifungo cha kikemia. Urefu wa mstari hauhesabiwi, wala kupinda kwake. Kinachohesabiwa ni kwamba upo au haupo. Umaskini huo ndio nguvu ya somo lenyewe. Historia yake tangu karne ya 18 inasomeka kama kisa kimoja: mtu mmoja alitupa karibu kila kilichokuwamo ndani ya swali, na waliomfuata wakawa wanaokota kimoja kimoja, kila mmoja akirudisha kile tu ambacho kazi yake ilikidai.

Mtu huyo ni Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi katika Akademia ya Sayansi ya St Petersburg, Urusi. Swali lilitoka Königsberg, mji wa Prussia uliokuwa kando ya mto Pregel. Mto huo uliugawa mji katika sehemu nne: ng'ambo ya kaskazini, ng'ambo ya kusini, kisiwa cha Kneiphof katikati, na upande wa mashariki ardhi iliyobanwa kati ya matawi mawili ya mto. Sehemu hizo ziliunganishwa na madaraja saba. Kneiphof peke yake kilikuwa na matano: mawili ya kwenda kaskazini, mawili ya kwenda kusini na moja, Daraja la Asali, la kwenda mashariki. Mawili yaliyobaki yalitoka ardhi ya mashariki, moja likielekea kila ng'ambo. Wenyeji walijiuliza kama mtu anaweza kuzunguka mji akavuka kila daraja mara moja tu, asiruke hata moja wala kulirudia. Hakuna aliyefanikiwa, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini.

Carl Ehler, meya wa Danzig, alimwandikia Euler kumwomba suluhisho. Jibu la Euler la Aprili 1736 halina shauku. Aliona swali hilo halihusiani sana na hisabati, akashangaa kwa nini wanahisabati watarajiwe kulijibu kuliko watu wengine, ilhali linahitaji kufikiri tu. Lakini alikuwa amekwisha kulifanyia kazi: aliwasilisha hoja yake mbele ya Akademia mnamo Agosti 1735, na makala ya Kilatini ikachapishwa mwaka 1741.

Hoja hiyo inafaa kutazamwa kwa karibu, maana ni nyepesi kuliko sifa zake. Euler alizipa sehemu nne za nchi kavu herufi: kisiwa kikawa A, nyingine B, C na D. Matembezi yoyote yanaweza kuandikwa kwa herufi hizo tu. Aliyetoka A akaenda B kisha D ameandika ABD. Kuvuka daraja moja kunahitaji herufi mbili, kuvuka mawili kunahitaji tatu, na kuvuka yote saba kunahitaji herufi nane. Kisha akauliza kila herufi lazima itokee mara ngapi. Sehemu yenye madaraja matatu, hata mtu akianzia hapo au asianzie, herufi yake itatokea mara mbili; yenye matano itatokea mara tatu. Kisiwa A kina madaraja matano, kwa hiyo mara tatu. B, C na D kila moja ina matatu, kwa hiyo mara mbili mbili. Jumla ni herufi tisa, na nafasi zilizopo ni nane. Swali limekwisha.

Kutokana na hapo akapata kanuni ya jumla. Anayepita mahali hutumia madaraja mawili, moja la kuingilia na jingine la kutokea, hivyo mahali pa kupita panahitaji idadi shufwa ya madaraja. Penye idadi witiri panaweza kuwa mwanzo au mwisho wa safari, si zaidi. Zikiwa sehemu mbili tu zina idadi witiri, njia ipo na itaanzia kwenye moja na kuishia kwenye nyingine. Kama hakuna hata moja, mtu anaweza hata kurudi alipoanzia. Zikizidi mbili, hakuna njia. Königsberg ilikuwa na nne.

Kilichotupwa katika hoja hiyo ni kingi: upana wa mto, urefu wa madaraja, sura ya kisiwa, umbali wa kutembea. Hadi wakati huo jiometria ilikuwa elimu ya vipimo, na hapa palikuwa na swali la mahali lisilo na kipimo hata kimoja. Inashangaza kidogo kwamba Euler mwenyewe hakuchora nukta nne na mistari saba ambayo kila kitabu cha leo humwekea jina lake. Makala yake ina ramani za mto na jedwali la herufi. Ule mchoro mashuhuri ulikuja kuonekana karne moja na nusu baadaye, mwaka 1892, katika kitabu cha michezo ya hisabati cha Mwingereza W. W. Rouse Ball. Wala Euler hakuthibitisha kwamba masharti yake yakitimia njia itapatikana kweli. Uthibitisho huo uliachwa na Mjerumani Carl Hierholzer, ukachapishwa mwaka 1873 yeye akiwa ameshafariki.

Mji wenyewe uliharibiwa vibaya na mabomu ya ndege za Uingereza mnamo Agosti 1944, ukachukuliwa na Umoja wa Kisovieti na kubadilishwa jina kuwa Kaliningrad mwaka 1946. Madaraja mawili kati ya yale saba yaliangamia katika vita, na mengine mawili yalibomolewa baadaye kupisha barabara kuu inayopita juu ya kisiwa. Ukihesabu barabara hiyo mahali pa yale mawili, ng'ambo zote mbili sasa zina idadi shufwa, Kneiphof na ardhi ya mashariki zina madaraja matatu kila moja, na matembezi yanawezekana kwa anayeanzia kwenye moja ya sehemu hizo mbili na kuishia kwenye nyingine.

Euler hakuwa wa pekee kukutana na suala la mstari usiokatika. Mwanzoni mwa karne ya 20 Emil Torday, Mhungaria aliyekuwa akikusanya vitu kwa ajili ya Jumba la Makumbusho la Uingereza, aliwakuta watoto wa Wabushoong katika ufalme wa Kuba, eneo la Kasai huko Kongo, wakichora mchangani. Walimtaka naye achore maumbo yao bila kuinua kidole wala kurudia mstari, naye akashindwa, wakafurahi. Miongoni mwa Wachokwe, wanaoishi Angola, kusini mwa Kongo na kaskazini-magharibi mwa Zambia, uchoraji huo ulikuwa fani kamili iitwayo sona. Vijana walifundishwa michoro myepesi wakiwa jandoni, na ile migumu ilibaki kwa mafundi waliobobea. Fundi alisawazisha mchanga, akaweka kwa ncha za vidole safu za nukta zilizopishana kwa umbali sawa, kisha akazungushia nukta hizo mstari huku akisimulia hadithi au kutega kitendawili. Kusitasita katikati kulihesabiwa kuwa udhaifu.

Mwanahisabati Paulus Gerdes, aliyefundisha miaka mingi Msumbiji, aliichunguza michoro hiyo na kuonyesha kanuni iliyomo ndani yake. Katika aina moja inayofanana na ususi wa mkeka, idadi ya mistari inayohitajika kuzifunika nukta zote ni sawa na kigawo kikubwa cha shirika cha idadi ya safu za kulala na za kusimama. Safu 5 kwa 6 hufungwa na mstari mmoja. 4 kwa 6 huhitaji miwili. Mafundi wa Kichokwe hawakuacha uthibitisho ulioandikwa, na si haki kuwavisha joho la Euler. Lakini walijua ni vipimo gani vinakubali mstari mmoja na vipi vinakataa, na ujuzi huo haukutoka Ulaya.

Huko Ulaya somo lililala zaidi ya miaka 100. Aliyeliamsha alizaliwa Königsberg kwenyewe: Gustav Kirchhoff, mwanafizikia wa umeme. Mwaka 1847 alikabili mitandao ya nyaya ambamo mkondo hugawanyika na kukutana tena. Kila mzunguko wa nyaya hutoa mlinganyo wake, lakini mizunguko ni mingi na milinganyo mingi hurudia habari ileile. Kirchhoff aliona kwamba inatosha kuchagua nyaya chache zinazofikia makutano yote bila kufanya mzunguko hata mmoja, yaani kile kinachoitwa sasa mti. Kila waya uliobaki nje ya mti, ukirudishwa, huleta mzunguko mmoja mpya, na hiyo ndiyo milinganyo inayohitajika. Mtandao wa nyaya 10 na makutano 7 una mizunguko huru minne tu, haidhuru umesokotwa vipi. Kwa Kirchhoff kilichorudishwa kwenye mistari mitupu ya Euler ni ukinzani wa umeme.

Miti hiyohiyo ilimvuta Mwingereza Arthur Cayley, ambaye mwaka 1857 alianza kuihesabu kwa sababu za aljebra na baadaye akaigeuzia kwenye kemia. Wanakemia walikuwa wamegundua kwamba vitu viwili vinaweza kuwa na atomu zilezile kwa idadi ileile na bado vikawa tofauti. Butani, mojawapo ya gesi zilizomo kwenye mitungi ya kupikia, ina kaboni 4 na hidrojeni 10. Kaboni hizo zinaweza kupangwa mstari mmoja, au tatu zikaizunguka moja, na kila mpango ni gesi yake. Pentani, yenye kaboni 5, ina mipango mitatu. Swali la wanakemia kwamba vitu vingapi vya namna hiyo vinawezekana likawa swali la kuhesabu miti. Hesabu ya Cayley inayojulikana zaidi, ya mwaka 1889, inahusu nukta zenye majina: nukta n huunganishwa kuwa mti kwa njia n kwa kipeo cha n kutoa 2. Nukta 4 zina miti 16. Nukta 10 zina miti 100,000,000. Rafiki yake James Joseph Sylvester ndiye aliyeleta jina la grafu mwaka 1878, akilitoa kwenye michoro ya wanakemia.

Wakati huohuo palikuwa na michezo. William Rowan Hamilton wa Dublin alibuni mchezo wa ubao wenye mashimo 20, ambamo mchezaji hutakiwa kupitia kila shimo mara moja na kurudi alipoanzia. Aliuuza kwa mtengenezaji wa michezo wa London kwa pauni 25 mwaka 1859, na mnunuzi hakupata faida ya maana. Kwa kuutazama tu, mchezo huu ni ndugu wa madaraja saba: kule ni kupita kila mstari mara moja, huku ni kupita kila nukta mara moja. Tofauti hiyo inayoonekana ndogo ilikuja kuwa kubwa kuliko zote katika somo zima, ingawa Hamilton hakuwa na namna ya kuijua.

Swali jingine lilitokana na kupaka ramani rangi. Mwaka 1852 kijana Francis Guthrie, akipaka rangi ramani ya majimbo ya Uingereza, aliona kwamba rangi nne zilitosha ili majirani wasifanane, akajiuliza kama ni hivyo kwa kila ramani. Swali lilipita kwa mdogo wake hadi kwa profesa Augustus De Morgan wa London, ambaye alimwandikia Hamilton siku hiyohiyo, 23 Oktoba; Hamilton hakutaka kujisumbua nalo. Guthrie alihamia Afrika Kusini, akafundisha hisabati Graaff-Reinet na kisha Cape Town, akashughulika na mimea hadi mmoja ukapewa jina lake. Alifariki mwaka 1899 akiwa hajaandika chochote cha kuchapishwa juu ya swali lake.

Ramani ikishabadilishwa kuwa nukta za nchi na mistari ya ujirani, swali ni la grafu. Alfred Kempe alitoa uthibitisho mwaka 1879, akasifiwa kwa miaka 11, mpaka Percy Heawood alipoonyesha mwaka 1890 kwamba una tundu. Kilichookolewa ni kwamba rangi tano zinatosha. Uthibitisho wa rangi nne ulipatikana mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Kenneth Appel na Wolfgang Haken walipunguza ramani zote zinazowezekana hadi maumbo yasiyofika 2,000, kisha kompyuta ikayakagua moja moja kwa zaidi ya saa 1,000. Idara yao ilifurahi hata ikaanza kupiga kwenye barua zake muhuri usemao kwamba rangi nne zatosha. Wengine hawakufurahi. Uthibitisho ambao hakuna binadamu awezaye kuusoma wote ulionekana kuvunja desturi ya hisabati, na malalamiko hayo yalitulia kwa kiasi tu baada ya Georges Gonthier kuuhakiki upya mwaka 2005 kwa programu maalumu ya kukagua hoja. Lililo muhimu kwa historia hii ni kwamba uhusiano kati ya grafu na kompyuta ulikuwa wa pande mbili. Kabla ya hapo grafu zilikuwa zikiisaidia kompyuta. Sasa kompyuta ilikuwa imethibitisha kanuni ya grafu.

Rangi zenyewe zilipata kazi mbali na ramani. Anayepanga ratiba ya mitihani ya chuo huweka nukta kwa kila somo na mstari kati ya masomo mawili yenye mwanafunzi wa pamoja. Kila rangi ni kipindi kimoja, na rangi chache ni siku chache za mitihani. Masafa ya redio hugawiwa minara jirani kwa hesabu hiyohiyo. Mwaka 1981 Gregory Chaitin na wenzake wa IBM waliitumia ndani ya kompyuta: namba zinazohitajika kwa wakati mmoja haziwezi kukaa nafasi moja kwenye kichakato, hivyo hupewa rangi tofauti.

Kitabu cha kwanza kamili cha nadharia ya grafu kilitoka mwaka 1936, kimeandikwa kwa Kijerumani na Dénes Kőnig wa Budapest, miaka 200 baada ya barua ya Euler kwa Ehler. Kőnig, mwenye asili ya Kiyahudi, alijiua Oktoba 1944 siku chache baada ya wafuasi wa Manazi kushika serikali ya Hungaria. Kitabu chake ndicho kilichowasomesha waliokuja baada ya vita, na kwa muda mrefu hakikuwa na mwenzake.

Kazi iliyolitoa somo kwenye mafumbo na kulipeleka viwandani ilikuwa imeanza miaka 10 kabla ya kitabu hicho, huko Moravia. Kampuni ya umeme ilitaka kuunganisha miji yake kwa waya mfupi kadiri iwezekanavyo, na mwanahisabati Otakar Borůvka akatoa njia ya kufanya hivyo mwaka 1926. Kila mji, au kundi la miji iliyokwisha kuungana, huchagua waya mfupi kuliko zote wa kutoka nje yake. Makundi hukua na kuungana mpaka libaki moja. Kwa hatua hiyo urefu, kitu cha kwanza alichokitupa Euler, ulirudi, ukiwa ni namba iliyoandikwa juu ya mstari. Makala ya Borůvka ilisomwa na wachache, na katika miaka ya 1950 Joseph Kruskal na Robert Prim wa Marekani walitoa njia zao wenyewe za kazi ileile.

Mwaka 1956 Edsger Dijkstra, mtayarishaji programu wa Kituo cha Hisabati cha Amsterdam, alihitaji mfano wa kuonyesha uwezo wa kompyuta mpya ya ARMAC kwa watu wasiojua hisabati. Alichagua njia fupi kati ya miji miwili ya Uholanzi, katika ramani ya miji 64. Algoriti yake aliitunga kichwani kwa takriban dakika 20, ameketi mkahawani na mchumba wake, bila kalamu wala karatasi. Alisema baadaye kwamba kukosa kalamu kulimlazimisha kuepuka ugumu wote unaoepukika. Mwaka uliofuata, alipofunga ndoa, wakuu wa mji walikataa kuandika kazi yake kuwa ni kutayarisha programu, kwa kuwa hawakuitambua kazi hiyo. Makala yake ya kurasa tatu ilichapishwa mwaka 1959.

Algoriti hiyo inaendeshwa hivi. Mji wa kuanzia hupewa sifuri na mingine yote huachwa wazi. Kila hatua, katika miji ambayo haijafungwa, huchaguliwa wenye namba ndogo kuliko yote. Namba yake hufungwa, kisha majirani zake hukaguliwa kama kupitia hapo kunawafupishia njia. Tuseme kutoka A hadi B ni kilomita 4, A hadi C ni 1, na C hadi B ni 2. B huandikiwa 4 na C huandikiwa 1. C ndiyo ndogo, hufungwa kwanza. Kutoka C, B hufikiwa kwa 3, kwa hiyo ile 4 hufutwa. Kinachohakikisha jibu ni kwamba hakuna barabara yenye urefu chini ya sifuri, hivyo namba iliyofungwa haiwezi kushushwa na njia itakayogunduliwa baadaye. Ruta nyingi za intaneti hufanya hesabu hiyo kila kiungo kinapokatika au kurejea, na programu za ramani hutumia njia zilizojengwa juu yake.

Ubora wa jibu hata hivyo hauzidi ubora wa grafu. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, ulituma wanafunzi wa vyuo na wakazi katika kata zinazokumbwa na mafuriko ili waingize vichochoro, mifereji na majengo kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Kichochoro ambacho hakijachorwa hakipo mbele ya algoriti, hata kama bodaboda hukipita kutwa nzima.

Vita Baridi vilirudisha kitu kingine: uwezo wa kubeba. Mwaka 1955 T. E. Harris na F. S. Ross waliandika ripoti ya siri kwa jeshi la anga la Marekani kuhusu reli za Umoja wa Kisovieti na Ulaya Mashariki, wakizichora kama grafu ya nukta 44 na mistari 105. Walitaka kujua mzigo mkubwa kabisa unaoweza kupitishwa kuelekea magharibi na, zaidi ya hapo, reli zipi zikikatwa zingeuzuia kwa gharama ndogo. Lester Ford na Delbert Fulkerson walithibitisha muda mfupi baadaye kwamba maswali hayo mawili yana jibu moja: kiasi kikubwa kabisa kinachoweza kupita ni sawa na mkato mdogo kabisa unaotenganisha mwanzo na mwisho. Ripoti ilibaki siri hadi mwaka 1999, huku kanuni iliyotokana nayo ikifundishwa duniani kote.

Mzizi wa kanuni hiyo ni wa zamani zaidi. Mwaka 1927 Karl Menger wa Vienna alionyesha kwamba idadi ya njia zisizogusana kati ya pande mbili ni sawa na idadi ndogo kabisa ya vitu vinavyopasa kuondolewa ili kuzitenganisha. Pwani ya Afrika Mashariki iliikuta kanuni hiyo tarehe 12 Mei 2024. Mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Kwa jicho la Menger, kuwa na mikongo kadhaa hakutoshi kama inapita sehemu moja ya bahari. Kinachohesabiwa ni njia zisizokutana, na hizo zilikuwa chache kuliko mikongo yenyewe.

Kompyuta haioni mchoro, kwa hiyo grafu huhifadhiwa kwa maandishi. Njia ya kwanza ni jedwali lenye safu kwa kila nukta, likiwekewa 1 palipo na mstari na 0 pasipo nao. Nukta 1,000 zinahitaji vyumba 1,000,000, ambavyo katika mitandao ya kawaida karibu vyote vitajaa sifuri. Njia ya pili ni kuipa kila nukta orodha ya majirani zake tu, na ndiyo inayotumika mtandao unapokuwa mkubwa. Kazi ya Larry Page na Sergey Brin katika Chuo Kikuu cha Stanford, iliyochapishwa mwaka 1998 na kuzaa Google, isingewezekana bila ya uhifadhi wa namna hiyo. Wao walirudisha mwelekeo: ukurasa mmoja ukiutaja mwingine, mstari una mkia na kichwa. Walimfikiria msomaji anayebofya viungo kwa kubahatisha, ambaye mara kwa mara huchoka na kurukia ukurasa wowote, wakapima umuhimu wa kila ukurasa kwa kadiri msomaji huyo atakavyoonekana hapo. Kutajwa na ukurasa unaotajwa sana kukawa na uzito zaidi kuliko kutajwa na kurasa kumi zisizojulikana.

Katika biolojia swali la madaraja lilirudi karibu lilivyokuwa. Mashine haziwezi kusoma uzi mrefu wa DNA kwa mkupuo. Hutoa vipande vingi vifupi vinavyopishana, na kazi ni kuviunga. Ukikifanya kila kipande nukta, unatafuta njia inayopita kila nukta mara moja, yaani mchezo wa Hamilton. Mwaka 2001 Pavel Pevzner, Haixu Tang na Michael Waterman walionyesha faida ya kugeuza: kipande kiwe mstari unaounganisha mwanzo wake na mwisho wake. ATG inakuwa mstari wa kutoka AT kwenda TG. TGC unatoka TG kwenda GC. Sasa kinachotafutwa ni njia inayopita kila mstari mara moja, na kanuni ya mwaka 1735 inaitoa upesi hata mistari ikiwa mamilioni.

Faida hiyo ndiyo ile tofauti ambayo Hamilton hakuijua. Kwa swali la Euler inatosha kuhesabu mistari inayogusa kila nukta. Kwa swali la Hamilton hakuna hesabu ya aina hiyo inayojulikana. Mwaka 1972 Richard Karp wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitoa orodha ya matatizo 21, mengi yakiwa ya grafu, yaliyofungamana kiasi kwamba njia ya haraka ya kutatua moja ingeyatatua yote. Mzunguko wa Hamilton umo, na kupaka rangi kumo. Ndugu wa karibu ni safari ya mchuuzi, anayetaka kuzungukia miji yote kwa njia fupi: kwa miji 20 tu kuna mizunguko 60,822,550,204,416,000 ya kulinganisha. George Dantzig, Fulkerson na Selmer Johnson waliipatia ufumbuzi kamili miji 49 ya Marekani mwaka 1954, na kufikia mwaka 2006 nukta 85,900 zilikuwa zimetatuliwa, lakini kwa mbinu ambazo hazina hakika ya kuwahi kila mara. Kama ipo njia ya haraka inayofaa kwa grafu zote, au kama kuna uthibitisho kwamba haiwezi kuwepo, hakuna aliyeonyesha. Taasisi ya Hisabati ya Clay ilitangaza mwaka 2000 zawadi ya dola 1,000,000 kwa jibu lolote kati ya hayo mawili, na zawadi hiyo haijachukuliwa.